Mkono wa Shimoni

Sogeeni jamani, na mwenye usingizi ajifinye. Mwaka wa njaa, mama mmoja, Somoe, alikwenda porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni. Akang'oa vyote, asiache hata kipande, akaliacha shimo wazi. Mara mkono wa zimwi ukachomoza shimoni, ukamdaka mguu.

"Umechukua. Umeacha nini?"

Somoe akatupia ushungi wake. Mkono ukakaza. Akatupia bangili. Mkono ukakaza. Akatupia hata jembe. Mkono ukakaza, mguu ukazama mpaka gotini.

"Niachie, bwana! Wanangu wana njaa!"

"Na wangu je?" zimwi likasema. "Mwakani watakula nini?"

Somoe akainamia kapu lake. Akavunja kichwa cha kila kiazi, pale panapochipua, akavirudisha vichwa shimoni na kufukia. Mkono ukamwachia.

Mwaka uliofuata alirudi, akakuta pori limejaa majani ya ming'oko. Nusu ya ming'oko ilikwisha kuchimbwa, nusu imeachwa. Kila shimo lilikuwa limefukiwa vizuri, na juu ya udongo pana alama ya kiganja, kipana kama ungo.

Basi mkisikia kitu kinachimba huko porini, msikimbie. Nacho kina wanawe.