Upande Mpana wa Darubini

Hapo zamani za kale, wanangu, ingawa si kale ile ya kabla ya vioo na redio, wanyama walikuwa na nyumba zao, vyungu vyao, na majirani wa kugombana nao. Kwenye mlima wa mawe uliotazama bonde la Mwaringa aliishi pimbi mmoja jina lake Sikujua. Pimbi mnamfahamu. Kimo chake ni cha sungura, hana mkia, hana pembe, wala hana kucha za kumtisha mtu. Mali yake ni miguu inayonata kwenye jiwe, na akili.

Sikujua alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Nyumba yao ilikuwa pango kavu juu kabisa ya mlima, lenye mlango mpana mbele na nyufa nyembamba nyuma. Marehemu mumewe alizaliwa humo, na mama mkwe wake pia.

Kiangazi kimoja akaja Fisi, na mkewe, na watoto wao, na msururu wa jamaa. Bwana Fisi alisimama mlangoni akaeleza kwa upole kwamba amelipenda pango hili, kwamba wake ni ukoo mkubwa, na kwamba pimbi anaweza kulala popote. Sikujua akamwomba angalau amwache hadi masika yapite.  Fisi alipiga mwayo mrefu, meno yake yote yakaonekana, na Sikujua akaanza kufunga mizigo.

Wakahamia chini ya jiwe lililoinama, mahali palipopitisha upepo pande zote. Mtoto wa mwisho, Chausiku, akaanza kukohoa. Na huko mashariki mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

Nungunungu, jirani yao, alikuja kuwapa pole. Akamshauri Sikujua ahamie mlima mwingine, maana tangu dunia iumbwe hajasikia pimbi aliyemtoa fisi nyumbani. Sikujua alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mvua kubwa itakaponyesha, mimi na wanangu tutalala ndani ya pango letu. Njia bado siijui. Lakini hilo nalijua."

Siku chache baadaye, wasafiri wa kibinadamu walipanda mlimani, wakakaa kivulini, wakala chakula chao, wakaondoka. Nyuma yao wakasahau kitu cheusi chenye mirija miwili iliyoshikamana. Upande mmoja wa mirija ulikuwa mwembamba, upande wa pili mpana, na pande zote zilikuwa na vioo. Kilikuwa pia na mkanda wa kuvaa shingoni.

Wanyama wakakizunguka. Kanga alisema hayo ni macho ya jitu, wasiyaguse. Ngiri alikilamba, akasema hakina chumvi, akaenda zake. Nyani alidai ameshaona vingi vya namna hiyo, na kwamba vya siku hizi havidumu.

Mbayuwayu, ambaye kila mwaka husafiri nchi za mbali na kurudi na habari, ndiye aliyekitambua. Akawaambia kinaitwa darubini, na kwamba huko alikokuwa watu wana darubini kubwa kuliko mibuyu, na kwa hizo wameuona mwezi una mashimo kama uso wa aliyeugua ndui. Hapo wote wakacheka. Mwezi wenye mashimo ungewezaje kushika mwanga bila kuvuja? Wakaendelea kucheka huku wakitawanyika, kila mmoja kwenye malisho yake.

Sikujua peke yake ndiye aliyebaki. Aliweka macho kwenye upande mwembamba, akamwona Simba, aliyelala ng'ambo ya bonde, amemjia hadi puani. Akashtuka, akakishusha. Simba alikuwa kule kule, doa la kahawia kwenye nyasi. Akakigeuza, akatazama kwa upande mpana. Chausiku, aliyekaa hatua moja tu mbele yake, akawa mdogo kama siafu mwisho wa shimo refu.

Alikaa na kile kitu mapajani hadi jua lilipoanza kushuka, akifikiri.

Asubuhi akapanda nacho hadi kwa Fisi. Akasema amekuja kwa ujirani mwema, kumwonya, kwani kuna mgeni njiani. Akampa upande mwembamba. Fisi akatazama, akakutana na macho ya Simba uso kwa uso. Hakuaga. Alitoka mbio, na ukoo mzima nyuma yake, mawe yakiporomoka mlimani kororo kororo. Sikujua akawaita wanawe upesi, wakaingia nyumbani kwao.

Lakini fisi huyu hakuwa mjinga kama mnavyodhani. Alipofika katikati ya mteremko akasimama. Akajiuliza mbona hajasikia ngurumo, na mbona upepo hauna harufu ya Simba. Akageuka, akatazama ng'ambo kwa macho yake mwenyewe, akaliona lile doa la kahawia halijasogea hata kidogo. Akarudi juu polepole.

Aliwatoa mmoja mmoja. Chausiku, aliyechelewa, alisukumwa kwa teke, akabingirika na kuchubuka goti. Kisha Fisi akaichukua darubini, akajivika shingoni.

"Umeniletea zawadi nzuri," akasema. "Sasa toka, na usirudi."

Siku hiyo Sikujua alilia. Wanawe hawakuwa wamewahi kumwona akilia. Alipomaliza alijifuta uso, akaliosha goti la Chausiku, akatafuta jiwe ambalo kutoka hapo angeweza kuliona pango vizuri. Akaanza kutazama.

Na alichokiona ni hiki. Darubini ilikuwa haimwachi Fisi apumue. Kila alipoamka aliinua kwanza darubini kumtafuta Simba. Simba akipiga mwayo huko mbali, Fisi alirudi nyuma. Simba akinyanyua mkia, Fisi alisimama. Kichwa chake kilijua kwamba Simba yuko ng'ambo, ila moyo wake haukujua. Hakulala mchana, hakwenda kuwinda, na alikuwa akiwaamsha watoto bure. Mkewe alimsihi akitupe kitu hicho. Akakataa. Aliyekwisha kuona, alisema, hawezi tena kukaa bila kuona.

Sikujua aliusikia ugomvi ule wote kutoka kwenye jiwe lake. Kesho yake akapanda tena, mikono mitupu.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

Fisi hakuitika. Alimwuliza amekuja kuiba nini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Sikujua alisema anaomba ruhusa tu kuchukua majani makavu aliyoyaacha pembeni ya mlango, mtoto wake anaumwa, apate kumtandikia. Fisi akamwashiria ayachukue. Sikujua akayafunga taratibu, akajitwika, akapiga hatua ya kuondoka, kisha akageuka kama aliyekumbuka jambo dogo.

"Samahani, bwana. Kwa nini unatumia upande wa watoto?"

"Upande gani wa watoto?"

"Huo mwembamba. Huo huvuta hatari karibu ili watoto wajifunze kuogopa. Wakubwa hutumia upande mpana, kwa sababu humsukuma adui mbali. Nilidhani Mbayuwayu ameshakupa habari za huko nje."

Hakuna kitu Fisi alichokichukia kama kuambiwa amepitwa na wakati. Akasema anajua sana, alikuwa akijaribu tu upande ule. Sikujua akaomba radhi, akashuka na majani yake.

Alipotokomea, Fisi akaigeuza darubini. Simba akawa mdogo kama kupe, mbali sana, mwisho wa bomba refu. Fisi akatazama mara ya pili, na ya tatu. Kisha akajilaza mlangoni, akalala fofofo mchana kutwa, akikoroma hadi Nungunungu alisikia kule chini.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Alitazama asubuhi, akamkuta Simba ni kupe. Alitazama jioni, Simba bado ni kupe. Na kwa kuwa Simba kweli hakuwa amesogea, hakuna baya lililotokea, na Fisi akazidi kukiamini chombo chake. Akawatangazia jamaa zake kwamba tangu ajifunze mambo ya kisasa, Simba anapungua. Mkewe alimwuliza kama anayepungua ni Simba au ni lile tundu analochungulia. Fisi alimjibu kwamba mambo haya yanataka elimu.

Kwa Sikujua ilibaki kazi moja, nayo ilikuwa ngumu kuliko zote: kungoja. Alilolijua ni hili: masika yakianza, bonde hugeuka tope, pundamilia huja kwenye mguu wa mlima kutafuta ardhi ngumu, na Simba huwafuata. Hakuna haja ya kumwita. Lakini kikohozi cha Chausiku kilikuwa kikizidi, na Nungunungu alirudi kumwambia kwamba mlima wa pili una mapango matupu, kwa nini ajitese. Sikujua alimshukuru, akaendelea kuziba upepo kwa majani na kuwafundisha wanawe kupita katika nyufa za nyuma ya pango.

Ikaja asubuhi yenye manyunyu. Pundamilia walitokea bondeni wakiwa wamejaa tope hadi magotini, wakapanga mstari chini ya mlima. Nyuma yao, bila haraka, akaja Simba. Hakuwashambulia. Alianza kupanda mlima, apate mahali pa juu pa kuchagulia kitoweo. Na mahali pa juu palikuwa pango.

Sikujua alimwona akipanda. Alichokingoja kilikuwa kimefika. Lakini akawaona pia watoto wa Fisi wakicheza mlangoni, wakivutana mikia, na wadogo wao hawakuwa wakubwa kuliko Chausiku. Akasimama juu ya jiwe, akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo:

"Bi Fisi! Watoe watoto! Simba anapanda!"

Bi Fisi akanusa upepo, manyoya yakamsimama. Akamwamsha mumewe. Fisi akajinyoosha, akavaa mkanda shingoni, akainua darubini kwa upande mpana. Akamwona Simba mdogo kama siafu, mbali, mbali kabisa.

"Tulia, mke wangu," akasema. "Leo yuko mbali kuliko jana."

"Nainusa harufu yake."

"Harufu hudanganya. Kitu hiki hakidanganyi."

"Baba watoto, nasikia anavyopumua."

Fisi hakushusha darubini hata kumtazama. Bi Fisi hakubishana tena. Aliwakusanya watoto, akawaita jamaa, wakateremka wote kwa njia ya nyuma ya mlima, kimya kimya, hadi mlangoni akabaki mmoja tu.

Fisi akaendelea kutazama, ametulia. Simba alikuwa siafu. Akawa nzi. Akawa kama panya, na Fisi akajiambia kwamba hata panya si wa kukimbiwa. Kisha ndani ya darubini pakawa giza tupu, kama mtu aliyeziba tundu kwa blanketi. Fisi akadhani ni manyunyu yamelowesha vioo. Akaishusha ili aifute.

Kilichoziba kilikuwa manyoya ya kifua cha Simba.

Simba hakuwa na hamu ya nyama ya fisi. Alitaka tu kupita. Akampiga kofi moja, pwaa, na Fisi akaruka ukingo, akabingirika kwenye mawe, kwenye miiba, kwenye tope, akapita katikati ya pundamilia waliomshangaa, akaendelea kukimbia hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akimfukuza. Alimkuta mkewe ng'ambo ya mto. Bi Fisi alimchomoa miiba mmoja mmoja. Mlimani hawakurudi tena.

Simba alisimama mlangoni kidogo, akachagua pundamilia wake, akashuka kumfuata. Ndipo Sikujua na wanawe wakapenya kwa nyufa za nyuma, wakaingia nyumbani. Walikuwa hawajamaliza kufagia uchafu wa fisi wakati mvua kubwa iliposhuka, ile ya kufuta mlima mwingine usionekane. Chausiku alilazwa kwenye majani makavu, mbali na mlango. Alikohoa kidogo, akapitiwa na usingizi.

Mwanawe mkubwa aliiokota darubini kizingitini. Akataka kuitupa gengeni hadi chini, akisema ni kitu cha uongo, kilichomfanya Simba aonekane siafu.

Sikujua akamshika mkono.

"Kiache," akasema. "Hakikumdanganya. Kina pande mbili, naye alichagua ule uliomwezesha kulala."

Mimi niliwaacha hapo, wanangu, wao wakisikiliza mvua. Na nyinyi mchukue hili: anayetafuta kuonyeshwa yale yanayompendeza tu, ukweli humfikia akiwa bado anasema uko mbali.