Kofia Iliyoishia Juu ya Masikio

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, Sekela anasinzia!

Pakawa!

Kaliondoka kauzi kembamba, kakapita mikono saba, kakarudi hakana mwenyewe.

Kaeni vizuri. Wewe Jairo, ondoa mguu kwenye jivu. Na msiniulize kama hadithi hii inaisha vizuri.

Hapo zamani palikuwa na kilima cha baridi. Si baridi hii yenu ya kuvaa sweta mkacheka. Asubuhi sakitu ililala juu ya majani ya viazi, nyeupe kama chumvi, na alasiri ukungu ulishuka kutoka msitu wa mianzi ukaingia hata ndani ya chungu. Na katika msitu huo liliishi zimwi jike. Nywele zake zilifika visiginoni, na mdomo wake ulikuwa kisogoni, umefichwa na nywele, kwa hiyo ukiliona kwa mbele ulidhani ni bibi tu.

Kwa sababu ya zimwi hilo, watu wa kilima walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa hapewi jina mpaka kofia yake iishe. Kofia ilifumwa kwa uzi wa sufu na sindano ya mwanzi yenye kulabu kichwani. Ilianzia utosini, ikashuka mzunguko kwa mzunguko, mizunguko saba. Wanawake saba, kila mmoja na uzi wake, kila mmoja na mzunguko wake. Wa saba akishakata uzi, bibi humnong'oneza mtoto jina sikioni, na hapo hapo kofia huvutwa ikafunika masikio. Jina lisitoke, zimwi lisiingie.

Mama wa mtoto hakuruhusiwa kufuma hata kitanzi kimoja. Aliambiwa hivi: "Wewe umemfuma tumboni miezi tisa. Pumzika. Sasa ni zamu yetu."

Maneno matamu hayo. Nimeyasikia maneno matamu mengi katika umri wangu.

Basi, kijana mmoja wa kilima, jina lake Ambokile, akaoa mke kutoka bondeni, nchi ya joto. Mke huyo aliitwa Zamda. Alipofika hakujua hata sindano ya kulabu inashikwaje. Mwaka huo huo wifi yake, Tupoki, akajifungua, na Zamda akaitwa afume mzunguko wake. Akaufuma kombo. Wifi akaushika uzi mbele ya wanawake wote, akauvuta, prrrr! Mzunguko wote ukafumuka. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Zamda naye akacheka. Mgeni afanyeje?

Lakini tangu siku hiyo alijifunza peke yake huko malishoni, kondoo wakila naye akifuma, mpaka mkono wake ukanyooka.

Siku moja Zamda naye akajifungua, mtoto wa kiume, mdogo kama kiazi cha mbegu, ila sauti anayo. Siku ya kwanza akaja mwanamke mmoja akafuma mzunguko wake. Ya pili akaja mwingine. Ya tatu, mwingine. Ya nne, mwingine. Kofia ikafika juu ya masikio.

Ikaishia hapo.

Siku ya tano hakuja mtu. Zamda akambeba mtoto, akaenda kwa mama mkwe.

"Shikamoo mama. Zamu yako imefika."

"Marahaba mwanangu. Unaona viazi hivi? Nani ataving'oa? Kesho."

Alasiri ukungu ukashuka. Zimwi likasimama kwenye ua wa Zamda, likaimba:

"Mtoto wa nani asiye na jina?
Mtoto wa nani masikio wazi?
Kama hana watu, mtu wake ni mimi."

Siku ya sita Zamda akaenda kwa wifi.

"Wifi yangu, mama ana viazi. Njoo wewe kwanza."

"Sina uzi, wifi," akasema Tupoki. Na donge la uzi, kubwa hivi, lilikuwa chini ya kitanda chake. "Kondoo wakinyolewa nitakuja. Kesho."

Alasiri ukungu ukashuka. Zimwi likasimama uwanjani, katikati kabisa, likaimba:

"Mtoto wa nani asiye na jina?
Mtoto wa nani masikio wazi?
Kama hana watu, mtu wake ni mimi."

Siku ya saba Zamda akaenda kwa jirani, mama Lwitiko.

"Jirani, nakuomba. Jana limesimama uwanjani."

"Maskini wee!" akasema mama Lwitiko, na machozi yakamtoka, kwani alikuwa mwepesi wa machozi. "Lakini mimi ni wa saba, shoga yangu. Nitaruka vipi zamu ya wenye mtoto? Wifi yako akimaliza tu, mimi huyo. Kesho."

Zamda akamwendea mumewe. Ambokile alikuwa akinoa panga. Akasema, "Hayo ni mambo ya wanawake."

Mtaniuliza, si angemfunga kanga kichwani? Alimfunga. Kanga ilikuwa ikiteleza, na mtoto ana mikono ya kuivutia.

Basi Zamda akarudi nyumbani, akafunga mlango, akachukua sindano. Akafuma yeye mwenyewe. Mzunguko wa tano, akamaliza. Wa sita, akamaliza. Wa saba ukabaki vitanzi vitatu. Wajukuu zangu, mzunguko ulinyooka! Hata fundi wa kilima asingepata pa kuweka kidole.

Mara mlango ukasukumwa. Mama mkwe, na kikapu cha viazi kichwani.

"Nini hiki? Unataka kutuletea balaa?" Akaushika uzi, akauvuta, prrrr! Wa saba ukafumuka. Prrrr! Wa sita ukafumuka. Prrrr! Wa tano ukafumuka. Na kwa hasira akaliachia donge, likaviringika mpaka nje.

"Desturi ni desturi," akasema. "Nitakuja kufuma mwenyewe. Kesho." Akajitwika viazi vyake, akaenda.

Zamda akamvisha mtoto kofia ile ile fupi, akamlaza, akatoka kuokota donge. Lilikuwa limefika hatua kumi tu. Akainama. Ukungu ukashuka. Aliponyanyuka, hakuiona nyumba, ila alisikia sauti mlangoni:

"Mtoto wa nani asiye na jina?"

Halafu kunong'ona. Halafu mtoto akacheka, kama anayeitikia.

Zamda alipofika kitandani, pako wazi.

Akapiga yowe. Na hapo, wajukuu zangu, mngewaona watu wa kilima! Wakaja wote. Wakaja na kuni, wakaja na unga, wakaja na ng'ombe wa kuchinja. Tupoki akaja na lile donge la uzi, aliweke juu ya kitanda kitupu kama heshima. Kwa msiba hakuna aliyesema kesho.

Zamda hakukaa nao. Alikuwa ameona kitu. Ile ncha ya uzi wa kofia, ambayo haikufungwa fundo, ilinasa kwenye kizingiti, na kofia ilikuwa ikifumuka njia nzima kule mtoto alikobebwa. Akaushika uzi, akaukunja kidoleni, akaufuata. Akaukunja, akaufuata. Akaukunja, akaufuata. Uzi ukaingia msitu wa mianzi, ukafika kwenye kibanda, ukaishia miguuni pa zimwi.

Zimwi lilikuwa limempakata mtoto. Alikuwa mzima, ameshiba, na kichwani ana kofia mpya, nyeusi, nzito, ya nywele za zimwi. Mizunguko saba, imefunika masikio yote mawili.

"Nilikwenda kumla," likasema zimwi. "Sikufichi. Lakini nilimwita jina akacheka, na mimi sili nilichokipa jina. Siku tatu niliimba kule kwenu, na kila mtu alinisikia. Mwanamke, watu wako wako wapi?"

Zamda akasema, "Nipe mwanangu."

"Niletee wanawake watatu, kila mmoja na mzunguko wake, kabla ukungu wa kesho haujashuka. Nitamrudisha, na jina nililompa nitalimeza."

Zamda akashuka kilima mbio, anaanguka, anainuka. Asubuhi akaingia katikati ya msiba wake mwenyewe, watu wanakula.

"Mtoto yu hai!" akapiga kelele. "Nipeni mizunguko mitatu tu!"

Vilio vikakatika.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, ng'ombe amekwisha chinjwa. Msiba ukishawekwa haufumuliwi."

Wifi akasema, "Unanuka zimwi, wifi. Usinisogelee, nina mtoto."

Mama Lwitiko akalia sana kuliko wote, akasema, "Mimi niko tayari kabisa. Wifi yako akitangulia tu, mimi huyo."

Ambokile alikuwa amekaa na wanaume. Aliinama akachora mchanga kwa kijiti.

Zamda akawatazama wote, mmoja mmoja. Sikuwepo, lakini najua aliwatazamaje, maana katika ukoo wetu macho yale yalisimuliwa. Akalichukua donge la Tupoki kutoka kitandani, akaliweka kwapani, akageuka. Hapana aliyemzuia.

Alipofika mianzini, ukungu ulikuwa unaanza kushuka.

"Umekuja peke yako," likasema zimwi.

"Nimekuja peke yangu. Niache nikae na mwanangu."

"Mtoto siwezi kumla. Wewe sikukupa jina. Na mimi ni zimwi, sina budi kula."

Zamda akanyoosha mkono wa kushoto. "Kula hapa," akasema. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Walionila wakanimaliza nimewaacha kule chini, wanakula nyama."

Zimwi likageuka, likafunua nywele kisogoni, likala kidole cha mwisho. Kimoja tu. Halikuomba cha pili, siku zote.

Basi Zamda akakaa. Akafuma kwa vidole tisa, kofia moja kila mwaka, kichwa kikikua kofia inakua. Msitu ule ni wa baridi kuliko kilima, lakini mtoto hakuumwa hata mafua. Jina lake nani? Mimi sijui. Kilimani hakuna aliyelijua, hata leo.

Miaka ikapita. Siku moja, mwezi wa sakitu, akashuka kijana kilimani, mzigo wa mianzi begani, kuja kubadilisha kwa chumvi. Paji la uso la Ambokile, mtupu! Kofia imefunika masikio. Watu wakatamani kumwita, wakafungua midomo, wakakosa jina la kuita.

Mama mkwe wa Zamda alikuwa kizee, amekaa nje ya mlango wake, anatetemeka. Viazi vyake vilikuwa vimejaa ghala, lakini kuni zilikwisha, na kila aliyemwomba alikuwa na shughuli zake. Alipomwona kijana akamjua mara moja.

"Mjukuu wangu! Mjukuu wangu, nimekufa baridi. Nikatie mzigo mmoja tu wa kuni."

Kijana akasimama. Akainua kofia upande mmoja apate kusikia. Akamsikiliza kizee mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kwani alilelewa vizuri. Kisha akajibu kwa neno la kilimani, lile moja ambalo mama yake alikuwa amemsimulia kwamba watu wa kule, ukiwaomba kitu, ndilo wanalojibu. Yeye alidhani ni salamu.

"Kesho, bibi," akasema, akatabasamu.

Akashusha kofia, akajitwika chumvi yake, akapotea kwenye ukungu.

Kizee alingoja kesho. Walimkuta asubuhi ya kesho kutwa, mlango wazi, sakitu imemfunika mpaka kwenye nyusi. Msibani kuni zilikuwa nyingi mno.

Hadithi yangu imeishia hapo, na uzi nimeukata.

Mafunzo yake hayahitaji akili: ukiombwa mzunguko mmoja, fuma leo. Sanda haipashi mtu joto.

Mnanitazama nini? Ndiyo, yule Tupoki mwenye donge chini ya kitanda ndiye bibi wa bibi yangu, na nyinyi nyote ni wake. Sekela, amka. Mama Tumpe wa nyumba ya chini amejifungua tangu juzi. Nipe sindano yangu, nipe na uzi, unishike mkono twende. Sasa hivi.