Fundi Aliyeshika Kiwiko

Ndugu zangu, kabla sijaanza, naomba kila mmoja ageuke, ampe mkono aliye karibu naye na amuulize habari za nyumbani.

Haya, imetosha. Mmesikia majibu yenu? Nimesimama hapa nikawasikiliza kuanzia benchi la mbele mpaka mlangoni: nzuri, nzuri, salama, nzuri kabisa. Kanisa zima halina hata mtu mmoja mwenye habari mbaya. Basi kaeni, niwape mfano wa mtu aliyekuwa hodari wa kujibu kama ninyi.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kupiga lipu. Katika mji wake, mtu akijenga nyumba na kutaka ukuta ulionyooka, alimwita yeye. Wanaoijua kazi hiyo wanajua kwamba saruji haipakwi kama siagi, inarushwa. Fundi huichota kwa mwiko, akaitupa ukutani kwa nguvu ya bega, ikashika. Akifika darini huirusha juu ya kichwa chake, tena na tena, mpaka jua linapoegemea magharibi. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa na mali moja tu, na mali hiyo ilikuwa bega lake la kulia.

Asubuhi moja alikuwa anakwenda kazini kwa baiskeli, ndoo imening'inia kwenye usukani. Gari la mizigo likatoka kituo cha mafuta, dereva hakutazama, likamgonga ubavuni. Baiskeli ilijikunja kama waya. Yeye aliinuka, akajipangusa vumbi kwa mkono mmoja, akawaambia waliomzunguka, "Msiwe na wasiwasi, sijaumia." Wakampeleka hospitali hivyo hivyo. Bega lilikuwa limeteguka. Likarudishwa mahali pake, mkono ukafungwa kitambaa shingoni, na wiki kadhaa baadaye daktari alipomuuliza kama bado kuna maumivu, alijibu kwamba nafuu ipo. Daktari akaandika: nafuu ipo.

Lakini kitambaa kilipofunguliwa, mkono ulifika usawa wa kitovu ukagoma. Mke wake ndiye aliyemfunga vifungo vya shati na kumchana nywele. Wenye nyumba walipomwita kazini, aliwaambia ana shughuli nyingine. Mwiko ukakaa kwenye ndoo mpaka ukaota kutu.

Gari lile lilikuwa na bima. Siku moja afisa wa kampuni ya bima alikuja nyumbani kuchukua maelezo. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni hata kabla ya kukaribishwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Habari za hapa?"

"Nzuri tu."

"Na wewe mwenyewe, unaendeleaje baada ya ile ajali?"

"Sijambo kabisa. Tunamshukuru Mungu."

Jikoni, mke alisikia, akaacha kusonga ugali. Afisa akaandika. Akanywa chai, akaaga vizuri, akaenda zake.

Mimi simlaumu kijana yule. Aliuliza, akajibiwa, akaandika alichojibiwa. Na fundi simlaumu vilevile. Mgeni kaja kwako, kavua viatu, hajanywa hata chai. Nani kati yetu angeanza kummwagia shida zake?

Baada ya mwezi barua ikaja. Mke akaisoma kwa sauti. Kampuni italipia baiskeli. Kuhusu mdai mwenyewe, amekiri kwa kinywa chake kwamba hajambo, na daktari ameandika kwamba nafuu ipo. Kwa hiyo upande wake hakuna cha kulipa.

Mama yule akaikunja barua taratibu. "Baba watoto, unaona baiskeli ilivyokuzidi akili?"

"Imenizidi vipi?"

"Yule kijana alipoikagua, ilikaa kimya pale uani, imejikunja hivyo hivyo. Haikumwambia sijambo."

Fundi alicheka. Kisha akautazama mkono wake, na kicheko kikaisha.

Mke ndiye aliyetafuta wakili. Fundi mwenyewe hakutaka, kwa sababu mtaani kwao anayekwenda kwa wakili ni mtu aliyegombana na ndugu zake kwa ajili ya kiwanja. Hata hivyo alikwenda, amevaa shati lililopigwa pasi, peke yake, maana hakutaka mkewe amsemee.

Wakili alikuwa mwanamke kijana. Alisimama, akamwamkia shikamoo, fundi akaitikia marahaba na kumpa mkono. Wakaketi.

"Niambie, baba. Unaumwa wapi?"

"Kuumwa si sana, mwanangu. Kuna siku bega linakaza kidogo."

"Kazi unafanya?"

"Kazi zipo. Nimepumzika tu."

"Mkono unanyanyuka?"

"Unanyanyuka."

Wakili akaiweka kalamu mezani. "Baba, unadhani mimi nina umri gani?"

"Labda sawa na binti yangu wa mwisho."

"Basi niambie. Kwetu sisi, mdogo akimpa mkono mkubwa, mkono wa kushoto hushika kiwiko cha kulia. Ni heshima, tumefundishwa tangu utotoni. Lakini hapa mkubwa ni wewe. Nimekuamkia mimi, halafu wewe ndiye uliyeshika kiwiko, kama mtu anayemsalimia mkwe wake. Tangu lini mzee akamshikia kiwiko mtoto?"

Fundi alitazama sakafu. Miezi yote ile mtaa mzima ulikuwa ukimsifu. Walisema fundi amekuwa mnyenyekevu, siku hizi anawaheshimu hata watoto wa shule. Hakuna aliyejua kwamba mkono wa kushoto haukuwa unatoa heshima. Ulikuwa unabeba.

"Nisipoushika," alisema mwishowe, "hauji."

Wakili hakuandika. Alisogeza kiti chake karibu. "Baba, yule afisa wa bima alikuwa mgeni wako. Ulimpa jibu la mgeni, na wala si kosa. Lakini mimi si mgeni. Mimi ndiye nitakayesimama mahali pako na kusema. Ukiniambia unanyanyuka, nitasimama mbele ya hakimu na kusema unanyanyuka, na tutashindwa kwa maneno yako mwenyewe. Sasa tuanze upya. Mkono unanyanyuka?"

"Haunyanyuki."

Hapo fundi akafunguka. Alimweleza habari ya vifungo vya shati, ya wenye nyumba aliowadanganya, na ya mwiko uliokuwa ukiota kutu. Alimweleza hata lile ambalo mkewe hakulijua, kwamba siku moja alikwenda nyuma ya nyumba, akajaribu kurusha konzi ya udongo ukutani, ikaangukia miguuni pake mwenyewe.

Wakili akampeleka kwa daktari bingwa, na safari hii mgonjwa alijibu alivyo. Wakagundua kwamba msuli wa bega ulikuwa umechanika kwa ndani. Daktari akasema, ukishonwa ndani ya miezi mitatu mkono utarudi. Ukichelewa, utabaki hapo hapo kitovuni mpaka kaburini. Upasuaji wenyewe ulikuwa wa hospitali kubwa ya mbali, na gharama yake haishikiki kwa mtu asiye na kazi. Ama bima ilipe, ama fundi asirushe tena. Wakili akafungua shauri, akaomba lisikilizwe mapema.

Siku ya shauri, watu wa mtaani walijaa. Kampuni ilimleta shahidi wake, yule yule afisa kijana, na karatasi yake. Akasoma: nilimuuliza hali, akasema hajambo kabisa. Kisha wakili wa fundi akainuka kumhoji.

"Habari za asubuhi, afisa?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

"Naona shavu lako la kushoto limevimba."

"Ni jino, wakili."

"Umelala?"

"Sijalala siku ya pili leo."

"Mbona umeniambia habari ni nzuri?"

Kijana akajishika shavu. "Sasa wakili, ulitaka nikujibu nini?"

Mahakama ikacheka, na hakimu akainamisha kichwa kwenye faili lake ili asionekane. Wakili hakucheka. "Asante, afisa. Umemjibia mteja wangu vizuri kuliko ambavyo ningemjibia mimi."

Akaiweka mbele ya hakimu ripoti ya daktari bingwa. Kisha akamgeukia fundi, akampa mwiko. "Baba, tuonyeshe unavyorusha lipu ya darini."

Fundi akaushika mwiko kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukakimbilia kiwiko kama ulivyozoea.

"Achia kiwiko, baba."

Akasita. Nyuma yake walikuwa majirani waliomsifu, na wajenzi aliowafundisha kazi. Ndugu zangu, kuna watu wanaoweza kuvumilia maumivu mwaka mzima, lakini hawawezi kuvumilia kuonekana wanaumwa. Alitazama mlangoni. Akamtazama mkewe. Mke akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesema, tumefika.

Akaachia.

Mkono ukashuka kama nguo iliyoteleza kwenye kamba, na mwiko ukalia sakafuni. Hakuna aliyecheka tena. Hakimu akauliza jambo moja tu: hospitali ile ya mbali inaweza kumpokea lini?

Kampuni iliamriwa kulipia upasuaji na siku zote za kazi zilizopotea, na haikukata rufaa. Aliyeleta barua ya malipo nyumbani alikuwa yule yule afisa, shavu limeshapoa. Akavua viatu mlangoni. "Shikamoo, mzee. Habari za hapa?"

"Marahaba," fundi akasema. "Kaa, unywe chai kwanza, halafu nikueleze moja moja."

Bega likashonwa kabla miezi mitatu haijaisha. Akafanya mazoezi mpaka machozi yakamtoka, na safari hii aliyaacha yaonekane. Siku aliyopanda tena jukwaa la ujenzi, mkewe alikwenda kusimama chini. Fundi akachota saruji, akavuta pumzi, akairusha darini. Ikashika. Akarusha ya pili, ikashika. Vigelegele vya mama yule vilisikika mpaka kituo cha mafuta.

Sasa niwaulize. Fundi huyu alishinda wapi? Mtasema mahakamani. Mimi nasema hapana. Alishinda ofisini, pale aliposema, "Nisipoushika, hauji." Kabla ya hapo wakili alikuwepo, hakimu alikuwepo, na haki yake ilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa neno moja la kweli kutoka kwake.

Na sisi je? Sitawafundisha kujibu salamu kwa kilio. Adabu yetu ni njema, na mgeni apewe jibu la mgeni. Lakini sisi tunaye Mwombezi anayesimama mahali petu, na tunamjibu kama afisa wa bima. Tunapiga magoti na kusema, tunakushukuru, sisi ni wazima. Tunaomba safari njema, tunaomba mvua, tunaomba ada ya shule, na hayo tunapewa. Kisha tunanung'unika kwamba Mungu hatugusi. Ndugu yangu, umelipwa baiskeli. Umelipwa kile ulichokiri kwamba kimevunjika. Bega lako hukulitaja.

Watu wanakusifu kwa upole, na wewe unajua kwamba si upole, umechoka. Wanakusifu kwa ukimya, na wewe unajua ni kinyongo. Sikuhukumu. Mimi pia nimesimama mbele yenu miaka mingi, na kuna siku nimeshika kiwiko changu hapa hapa mimbarani, mkadhani ni heshima.

Lakini habari ninayowaletea leo ni ya ushindi. Katika kesi hii hatushindwi kwa sababu mkono umeanguka. Tunashindwa pale tu mkono unapofichwa. Mwombezi wetu ameshaona kiwiko tangu mlangoni. Anangoja tu tuseme.

Basi tusimame tuombe. Sitamuuliza mtu habari zake. Kuna mikono itakayopanda, na kuna mikono iliyobebwa. Iliyobebwa, iachieni. Iacheni ianguke mbele zake, maana Wakili ameshasimama.