Tope la Pimbi Halijaiva Bado

“Kama ni damu, mbona nzi hawaitaki?”

Swali hilo liliulizwa barazani, mchana kweupe, mbele ya wanyama wazima wenye akili zao. Hakuna aliyelijibu. Lishikeni vizuri, nami nitawaeleza lilikotoka.

Paukwa!
— Pakawa!
Mkisinzia?
— Tutaota uongo!
Mkikaa macho?
— Tutaupata pamoja na ukweli!

Haya basi. Hapo zamani za kale, mawe yalipokuwa hayajapewa majina, palikuwa na kilima. Juu yake mwamba. Chini yake chemchemi ya maji moto. Katikati palikuwa na ufa, na ndani ya ufa aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mnyama mdogo, mnene, mkia hana, sauti anayo. Huyu alikuwa binti, bado mbichi, lakini alikuwa analea wadogo zake, maana mama yao alibebwa na tai. Tai haingii kwenye ufa. Kwa hiyo ufa ule, jamani, haukuwa nyumba tu. Ulikuwa uhai wao.

Ukutani humo mlikuwa na jiwe jekundu, jekundu kweli, zito, lisilopitisha mwanga hata chembe. Siku hizi wauza vito huliita yaspi. Pimbi aliliita ukuta.

Siku moja Mzee Nyani alipita, akachungulia, akaliona. Akalipenda. Akalipenda pamoja na kilima kizima. Akaitisha baraza.

Hakimu alikuwa Kifaru. Kuona haoni vizuri, ila kukanyaga anakanyaga vizuri sana, ndiyo maana hukumu zake hazikukatiwa rufaa.

Nyani akasimama, akasafisha koo. “Mheshimiwa, jiwe lile ni damu ya babu yangu! Alipigana na radi pale kilimani, akajeruhiwa, damu ikaganda. Kilima ni urithi wangu. Pimbi na wadogo zake wahame kabla ya mvua.”

“Maneno mazito hayo!” wazee wakasema. Mazito! Hakuna hata mmoja aliyeyapima.

Pimbi akainuka. “Kama ni damu, mbona nzi hawaitaki?”

Nyani akajikuna kisogo. Wazee wakaguna. Swali likabaki limesimama, halikupewa hata kiti.

“Keti, binti,” Nyati akanong’ona kwa sauti ya kusikika na wote. “Mtoto wa kike hahoji ukoo wa watu.”

Mmesikia? Ukikosa hoja unaambiwa huna akili. Ukiwa nayo unaulizwa umri.

Nyani akapata pumzi. “Nilisema damu? Nilimaanisha kaa la moto. Babu alikuwa akiota moto pale. Kaa lake likapoa, likabaki na wekundu wake.”

“Kama ni kaa,” akasema Pimbi, “mbona limemvunja Nungunungu jino?”

Nungunungu, ambaye hutafuna kila kitu, akafunua mdomo. Pengo lilikuwepo, tena pana. Nyani akajikuna kisogo. Wazee wakaguna. Swali likabaki limesimama.

“Basi ni kiazi!” Nyani akapiga kelele. “Babu alikipanda kwa mikono yake, kikanenepa, kikakomaa!”

“Kama ni kiazi, Babu, majani yake yako wapi?”

Nyani akajikuna kisogo. Wazee wakaguna. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ya Nyani ilikuwa na matawi, na kila tawi lilirudi kwa babu yake. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Kifaru akapiga kwato. “Wewe mwenye maswali,” akakiambia kichuguu kwa ukali, “hilo jiwe lilizaliwaje basi?”

“Niko huku, Mheshimiwa.”

“Najua uliko! Nilikuwa nakionya kichuguu. Sema.”

Pimbi akasema. “Zamani mlima ule pale ulikohoa. Majivu yakaanguka hapa, yakatulia, yakawa tope. Chini palikuwa na maji moto. Sasa, maji moto hayapiti mwambani bure, Mheshimiwa. Huuramba. Huondoka na ugumu wake kama mchuzi unavyobeba chumvi. Huioni, lakini imo. Maji yale yakapenya topeni. Tone likaingia, likaacha ugumu kidogo. Tone likaingia, likaacha kidogo. Tone likaingia, likaacha kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Tope likawa jiwe.”

“Na wekundu?” akauliza Kifaru, ambaye sasa alikuwa amesogea.

“Kutu ya chuma. Ile ile iliyomo kwenye udongo wa njia yetu, iliyokupaka hina magotini. Ilikuwa topeni tangu mwanzo, ikafungiwa humo humo. Na kwa vile tope lilijaa taka, mwanga haukupata pa kupita.”

“Nani alikuambia?” akafoka Nyati.

“Aniambie nani? Nalala hapo! Mlangoni kwangu ni tope, kitandani kwangu ni tope lililokaza, na mwisho kabisa ni jiwe. Mmekuja wote kunifukuza. Nani kati yenu amewahi kuingia kutazama?”

Hata Nungunungu aliacha kutafuna.

Lakini Nyani akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu. “Tope liwe kito! Hahaa! Haya lipike, binti, tulione! Likigeuka jiwe, kilima chako. Likikushinda, funga virago!”

“Hukumu ndiyo hiyo,” akasema Kifaru. “Nimechoka.”

Kivuli cha tai kikapita juu ya baraza, polepole, na wadogo zake Pimbi wakajibana nyuma ya miguu yake. Akakitazama kivuli. Akatazama tope. Halafu akatabasamu kidogo, upande mmoja.

“Nitalipika. Lakini mpishi haondolewi jikoni chungu kikiwa motoni. Mpaka tope hili liive liwe jiwe, asiguswe mtu wangu, na kilima kisiguswe.”

“Hata mwezi mzima!” Nyani akadakia. “Naapa! Naapa kwa damu ya babu yangu!”

“Au kwa kiazi chake,” akasema Pimbi.

Wote wakaapa. Kifaru akagonga muhuri kwa kwato, na Nyati akachelewa kuondoa mguu wake hapo chini.

Pimbi akachota tope jekundu, akalishindilia kwenye ufa mdogo, pale maji moto ya chemchemi yanapodondoka. To! To! To! Akaketi juani, akakunja mikono.

Kulipokucha Nyani akaja. “Limeiva?”
“Bado, Babu.”
Kesho yake akaja. “Limeiva?”
“Bado, Babu.”
Mwezi ukaandama, ukakua, ukafa. “Limeiva?”
“Bado.”

“Kwani linaiva lini?” Nyani akalia.

“Babu yangu wee! Lile la ukutani lilianza kuiva kabla pimbi hajakuwa pimbi, na kabla nyani yeyote hajapata mkia. Sasa niambie, babu yako alilivujia damu saa ngapi?”

Nyani akajikuna kisogo. Safari hii alijikuna mpaka manyoya yakatoka. Akakimbilia kwa Kifaru. “Mheshimiwa, nimedanganywa!”

“Uliapa?”
“Niliapa.”
“Tope limeiva?”
“Bado.”
“Basi ngoja.”

Anangoja mpaka leo. Ameketi mno juu ya mawe mpaka makalio yameota sugu, nendeni mkaangalie. Na kila anapopita hupindua mawe, hili na lile. Watu husema anatafuta wadudu. Wadudu anakula, ndiyo, lakini kwanza huchungulia kama kuna lililoiva. Pimbi naye yuko pale pale mlangoni, anaota jua, anachunga chungu chake. Wadogo zake wamekuwa wakubwa, wana watoto, na tai bado haingii kwenye ufa.

Hapo ndipo hadithi ilipogusa mwamba, nami nimeshusha mzigo. Uongo wake beba wewe, ukweli wake uachie jiwe.

Ila nakuomba kitu kimoja tu. Ukipita kwenye kilima kile, usikanyage lile tope.