Kutu Iliyoshika Jina

“Msugua kutu hufuta na jina.” Ndivyo mama yenu alivyosema asubuhi alipompokonya Salha brashi ya waya juu ya birika la arusi la marehemu shangazi, nanyi mkacheka. Sasa mmeniletea swali: nani aliisema kwanza methali hiyo, na ni jina gani lililofutwa? Kaeni basi. Wengi hapa Pangani wanaitumia bila kujua ilikotoka. Chanzo chake kimo humu humu katika nyumba hii.

Bibi yangu, Bi Mwanaheri, alizaliwa mjini hapa lakini hakuwa na ukoo. Bibi yake yeye aliletwa pwani akiwa mtoto mdogo, ametekwa huko milima ya Nguu. Waliomnunua walimpa jina lao, na la kwao wakamkataza kulitaja mpaka akalisahau. Kwa hiyo kila ulipozuka ugomvi kisimani, wanawake walimgeuzia Bi Mwanaheri neno moja: “Wewe ukoo wako upi?” Naye hujitwika mtungi wake akaondoka.

Alichokuwa nacho ni sarafu moja ya shaba yenye tundu, ambayo mtoto yule alikuja nayo shingoni. Baba wa mtoto alikuwa mfua chuma. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini zama zile za kutekana alimvika kila mwanawe sarafu aliyoipiga kwa ncha ya msumari alama ya nyumba yao, ili ajulikane popote atakapofika.

“Hilo ndilo jina letu,” bibi alikuwa akiniambia. Nami nikiitazama nilikuwa naona kutu tu, kijani iliyochanganyika na weusi.

Mwaka mmoja alikuja mfanyabiashara wa mahindi na habari. Huko Nguu, alisema, ipo nyumba ya wafua chuma ambayo katika kila tambiko humtaja mtoto wa kike aliyepotea, na sarafu ya kaka yake wanayo mpaka leo. Mkubwa wao, Mzee Semhando, alituma neno kwamba atashuka baada ya mavuno alinganishe sarafu hizo mbili. Bibi alilia siku nzima. Alikuwa amekwisha kuzeeka sana, na alitaka jambo moja tu: ukoo wake umtaje kabla hajafa.

Tukaenda Tanga kwa Bwana Mbaruku, mjuzi wa sarafu za kale, kumuuliza kama alama ile ingesomeka. Aliishika ukingoni kwa vidole viwili, akaisogeza dirishani mpaka mwanga ukaipiga ubavuni.

“Sarafu tunazipanga kwa madaraja, Bi Mkubwa,” alisema. “Ya juu ni ile ambayo kila herufi yake imesimama. Hii ni ya daraja la mwisho. Imelika, na tundu limezidi kuiharibu. Mnunuzi hatainama kuiokota.”

“Sikuja kuiuza, bwana.”

“Najua. Basi nisikilize vizuri. Hapa nyuma naona nukta, tano au sita, siwezi kuapa. Shaba ya chini imekwisha kuliwa, nukta zimebaki ndani ya kutu. Hii kutu ndiyo ngozi yake sasa. Msiioshe, msiipake mafuta, msiishike kwa mkono wenye jasho. Ifungeni katika pamba kavu mpaka huyo mzee afike, kisha aitazame hivi, mwanga ukitokea ubavuni.”

Nilikuwepo, na nilisikia kila neno. Lakini lililonikaa rohoni ni lile la daraja la mwisho. Lilinitia haya njia nzima ya kurudi.

Mwaka ule nilikuwa mwari niliyetoka kufundwa. Somo yangu, mwanamke aliyenifunda, alinifunza kwamba nyumba hujulikana kwa shaba yake, na mwanamke anayempokea mgeni kwa sinia jeusi amejitukana mwenyewe. Kwa hiyo siku ya kuja Mzee Semhando niliamka nikasugua masinia na mabirika kwa ukwaju na majivu, kama tulivyofanya siku zote, mpaka nikaona uso wangu ndani yake. Bakulini ukwaju ukabaki kidogo. Bibi alikuwa anaoga. Nikajiambia, mzee wa watu atoke Nguu kote huko, aje aonyeshwe kitu cha daraja la mwisho?

Niliisugua polepole. Kutu ilitoka upesi, maji yakawa ya kijani, na shaba ikatokea nyekundu, safi. Nataka mjue kwamba nilifurahi. Niliirudisha katika pamba yake nikingoja kusifiwa.

Mzee Semhando alifika adhuhuri. Baada ya salamu alitoa kifuko cha ngozi, akaiweka sarafu yake mkekani. Ilikuwa na kutu kama ilivyokuwa yetu, na ndani ya kutu zilionekana nukta saba zilizopangwa kama jembe. Bibi naye akafungua pamba.

“Hii ni nyingine?” mzee aliuliza.

“Ni ile ile, babu,” nikasema. “Nimeisafisha kwa ajili yako.”

Aliigeuza, akaipeleka mwangani, akapitisha ukucha juu yake mara mbili. Haukukwama popote.

“Zilikuwepo, kaka yangu,” bibi alisema. “Bwana Mbaruku wa Tanga aliziona.”

“Alizihesabu?”

Bibi aliikunja ile pamba. Kisha akasema, “Hapana.”

“Nakusadiki, dada yangu,” alisema Mzee Semhando. “Lakini penye tambiko sisemi ninayoyasadiki. Nasema niliyoyaona. Nikiwaitia wafu wetu mtu asiye wao, nimewakosea wao, na wafu walio wako kweli nimewakosea pia.”

Alikaa kwetu siku mbili, akala chakula chetu, akamwita bibi dada mpaka alipoondoka. Kwa jina la ukoo hakumwita.

Nilimwangukia bibi miguuni nikilia. Alinishika mikono, ikinuka ukwaju bado, akaitazama kwa muda.

“Hukufanya kwa ubaya, mjukuu wangu,” alisema. “Lakini msugua kutu hufuta na jina.”

Hakulisema tena, wala hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alifariki kabla ya mvua za vuli. Siku ya msiba mtu mmoja aliuliza habari ipelekwe kwa ukoo gani, na katika nyumba iliyojaa watu hakuna aliyemjibu.

Sarafu yenyewe hii hapa. Ishikeni ukingoni. Ni miaka sitini na miwili sijaiosha, na kutu imerudi, kijani kile kile. Kila mwaka naipeleka dirishani nikaitazame ubavuni, kama mjinga. Haina nukta hata moja, kwa kuwa kutu mpya haikumwona yule mfua chuma.

Salha, lile birika la shangazi yako lina herufi zilizochorwa chini ya kitako. Lirudishe mahali pake na weusi wake, mama. Msugua kutu hufuta na jina.