Msiba wa Bibi Yake Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakipeana mikono, kila nyumba ya bondeni ilichanga mtama baada ya mavuno. Mtama ule uliwekwa kwenye ghala la wagonjwa. Ukiumwa, unapewa bure mpaka upone.

Msimamizi alikuwa Mzee Tembo, mwenye nguvu na huruma. Lakini kutembea? Aka! Alikaa mlangoni akaamini kila alichoambiwa.

Kila asubuhi Fisi alikuja na kikapu.

"Hodi, Mzee! Bibi yangu bado hajiwezi. Nimekuja kumchukulia."

"Masikini! Jaza, mjukuu wangu, jaza."

Na bibi huyo alijua kula! Mtama ukapungua, ukapungua, hadi Mama Digidigi alipokuja na mwanawe mwenye homa, ghalani hamna hata chenga. Akarudi akilia.

Njiani akakutana na jirani yake, Nguchiro, yule mdogo mwenye macho makali.

"Dada, kulikoni?"

"Mwanangu hajatia kitu mdomoni tangu jana. Mtama wote kala bibi yake Fisi."

"Wewe unapakana na Fisi. Umewahi kumwona huyo bibi?"

"Hata kikohozi chake sijakisikia. Ninachosikia ni kinu tu, twa! twa!"

"Na hukusema?"

"Niseme mimi, na vimiguu hivi? Fisi ana meno, kaka!"

"Meno niachie mimi. Wewe ukiulizwa, sema ulichosikia. Basi."

Nguchiro akapanda juu ya kichuguu, akajishika kichwa.

"Uwiii! Jamani! Bibi yake Fisi katutoka!"

Bonde zima likaja nyumbani kwa Fisi. Wanawake na kanga zao, wanaume na majembe. Ngiri, mchimba makaburi, akaanza kazi papo hapo nyuma ya nyumba, chaka! chaka! Mzee Tembo naye siku hiyo alitembea, machozi chururu.

Fisi alikuwa anakula. Mwiko ukamponyoka.

"Pole kwa msiba, mwenzetu," wakamwambia.

"Msiba? Msiba gani? Bibi hajafa!"

"Afadhali!" akasema Nguchiro. "Basi tuingie tumpe mkono."

"Aa... amelala."

"Tutamwamsha polepole."

"Yaani, amesafiri."

"Kha! Mgonjwa asiyejiweza kasafiri kwa miguu ya nani?"

Watu wakaanza kutazamana. Ngiri akatokea, matope hadi puani. "Kaburi tayari."

Nguchiro akashusha pumzi. "Hapo sasa pana kazi. Wazee, kaburi likishachimbwa, desturi yetu inasemaje?"

"Haliachwi tupu!" wakaitika wote.

"Na bibi hayupo. Humu ndani yupo nani mwingine?"

Wote wakamgeukia Fisi. Ngiri akampima kwa macho, kichwa hadi mkia.

"Tobaaa!" Fisi akapiga magoti. "Sina bibi! Sijawahi kuwa na bibi! Bibi alikufa kabla sijazaliwa!"

Mzee Tembo akauliza taratibu, "Nani anaijua nyumba hii?"

Mama Digidigi akasogea mbele. "Mimi. Nimesikia kinu kila siku, Mzee. Mgonjwa sijamsikia."

Wakaingia. Mvunguni mwa kitanda, magunia kwa magunia! Tembo aliona haya sana. "Ningenyanyua miguu yangu mara moja tu nikamjulia hali mgonjwa, haya yasingetokea," akasema. Tangu hapo hakumpimia mtu mtama kabla ya kwenda kumwona mgonjwa kitandani.

Uji wa kwanza alipewa mtoto wa Digidigi, akaunywa wote, akaomba tena. Aliyetwanga mtama ni Fisi, na akaendelea kuwatwangia wagonjwa msimu mzima.

Na kaburi? Desturi ni desturi. Walizika kile kikapu, na Fisi mwenyewe akafukia.

Wanangu, ukiona mali ya wote inaibwa, sema. Ukinyamaza, atakayelala na njaa ni mgonjwa.