Utafiti wa Juu ya Paa

Kijiji kizima kilikuwa na mashine moja tu ya kusaga, na mwenyewe, Mzee Ndauka, alitaka kupandisha bei.

"Nimefanya utafiti," alijigamba. "Wote wanasema watalipa kwa furaha."

Siwema, mjane mwenye debe moja la mahindi, akadadisi, "Uliwauliza lini, Mzee?"

"Walipokwisha kunikabidhi mahindi, kabla sijawasha mashine."



Kesho yake Mzee Ndauka alipanda juu ya paa la banda la mashine kuziba bati. Siwema akaiondoa ngazi.

"Shikamoo, Mzee. Nami natafiti. Bei ya zamani inakutosha?"

"Inanitosha sana, mwanangu. Lete ngazi."

Aliposhuka alifoka mbele ya foleni ya waliokuja kusaga, "Jibu lile si jibu. Uliniuliza huku ngazi unayo wewe."

"Kweli, Mzee," alisema Siwema. "Nao uliwauliza huku mahindi yao unayo wewe."

Foleni ikacheka, na bei ikabaki palepale.